Kiti cha Kompyuta

Wifi yangu, dada wa mume wangu, wateja walimpa jina la Kompyuta. Ukishasukwa naye mara moja, kichwa chako anacho: kovu lako la utotoni, upande nywele zinapokatika, mtindo uliosukwa kwenye harusi ya binamu yako. Na akisuka haangalii kioo. Anapiga soga, vidole vinakwenda vyenyewe. Mwenye saluni ni mimi, lakini watu walimfuata yeye. Sikumwonea wivu. Haya, kidogo.

Saratani ya titi ikamshika. Dripu za dawa ya saratani zikamnyonyoa nywele zote, naye akawa anacheka: "Msusi kipara! Nani ataniamini?" Hatimaye daktari akasema matibabu yamekwisha, ugonjwa hauonekani tena. Tukapiga vigelegele, nikamfutia vumbi kiti chake cha dirishani.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa mimi. Akabandika maji ya kuoshea nywele, akayasahau mpaka sufuria ikaungua. Sawa, nani hasahau? Akaanza kisa, akakwama katikati: "Nipe lile... lile la kuchania," na kitana anacho mkononi. Nikacheka, maana huyu ni mtu wa kukutania uso mkavu. Halafu akamsuka mwalimu mmoja, mteja wetu wa miaka. Nusu ya kichwa mistari inarudi nyuma, nusu inapanda utosini.

Mwalimu akajitazama kwenye kioo. "Fundi, ndiyo mtindo mpya huu?"

Wifi akawa anavitazama vidole vyake tu. Mteja alipotoka nikalipuka. "Wifi, si umepona wewe? Akili umeiacha wapi?"

"Sijui," akasema. "Nikigeuka kuchukua rasta, nikirudi sijui nilikuwa nafanya nini."

Nikampeleka kliniki. Muuguzi akatusikiliza, akasema si uvivu wala si wazimu. Matibabu yale huwaachia baadhi ya wagonjwa ukungu kichwani: wanasahau, maneno yanawapotea, mambo mawili kwa pamoja yanawashinda.

"Itaisha lini?" nikauliza.

"Kwa wengi hupungua taratibu. Kwa wengine huchukua muda mrefu. Siwezi kukudanganya, mama. Afanye jambo moja moja, pasipo kelele."

Jamani! Dawa gani hiyo inaponya kifua halafu inavuruga kichwa? Nilitoka pale nimevurugika kuliko nilivyoingia.

Wateja wakaanza kumkwepa. Akaja binti mmoja, msusi hodari, akaomba kile kiti cha dirishani. Nikamwambia nitampigia jioni. Wifi alisikia yote.

"Mpe," akasema. "Kama siwezi kumaliza kichwa kimoja, nakaa hapa kufanya nini?"

Roho iliniuma, na mimi ikiniuma nakuwa mkali. Nikazima redio, nikafunga mlango, nikajitupa kwenye kiti chake. "Haya, nisuke. Mistari ya kurudi nyuma. Na leo hakuna soga!"

Akaanza. Kimya kile sikukizoea, nusura niimbe. Katikati vidole vikasimama.

"Wifi, tulikuwa tunaelekea wapi?"

"Nyuma, mpaka shingoni."

Akaendelea. Akasimama tena, akauliza lile lile, nikajibu lile lile. Kila akiuliza hasira yangu ilipungua, mpaka nikabaki na woga tu.

Alipofunga msuko wa mwisho nikapapasa kichwa. Mistari yote imenyooka, inafika shingoni. Akainama karibu yangu, akanitazama kwenye kioo.

"Umependeza, wifi. Nani kakusuka?"

Nikatafuta kicheko machoni mwake, nisikione. Nikasubiri, hakuna.

"Msusi wangu," nikamwambia.

"Ana mkono mzuri huyo." Akakung'uta nywele zilizoniangukia begani. "Usimwache aondoke."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania. Jioni ile nikachukua simu, nikampigia yule binti, nikamwambia kiti kina mwenyewe.