Meno ya Mumeza-Mwezi

Faustin Mwenze alichora meno mwisho. Alichora uso, macho, kofia, hata mate, lakini kinywa alikiacha kitupu mpaka kitabu kizima kiishe. Kisha alipuliza ncha ya kalamu, akarudi mwanzo, akatia meno ukurasa kwa ukurasa.

"Ukimupa mubaya meno mapema," alisema, "atakula kurasa zenye kubakia."

Hata ugonjwa ulipomlaza nyumbani kwa mama yake, huko Kasungami, tabia hiyo hakuiacha.

Mubaya wake aliitwa Mumeza-Mwezi. Alimeza taa za Bel-Air, mtaa baada ya mtaa. Alimeza malori ya barabara ya Kinsevere, akacheua vumbi jekundu. Akilala, tumbo lake liliwaka kama mji unaouona kwa mbali ukiwa safarini, na watu waliokosa usingizi walikuja kuketi kando yake kimya, wakiota joto. Tulivipenda vitabu hivyo. Umeme ulipokatika, mitaani tuliitana: "Mumeza amepita!"

Meno yale yalikuwa ya kaka yangu Chileshe, fundi wa kuchomea vyuma: makubwa, yenye mwanya katikati, kila moja likitazama upande wake. Sisi ni wa ukoo wa Chui. Faustin, kwa mama yake, ni wa ukoo wa Mbuzi. Chui hula mbuzi, basi koo hizi mbili ni banungwe, watani wa kuzaliwa. Hutukanana bila kukasirika. Na mmoja akifa, wale wa upande wa pili huja kumcheka kwenye kilio, wamevaa kofia yake, wamekalia kiti chake, ili aondoke akiwa mwepesi.

"Weye mbuzi, buku hii haitoshi ubaya," Chileshe alimwambia kila mara. "Unimezeshe na kanisa!"

"Kanisa iko na mikate kidogo. Utabakia na njala."

Kisha malaria ikamchukua Chileshe, ghafla, mvua zikiwa kali. Kwenye kilio tulimngoja Faustin kuliko mtu yeyote. Kiti kilikuwa tayari, kofia juu yake. Aliingia, akapita kiti, akajikunja pembeni akalia kama ndugu wa damu. Shangazi yetu akaninong'oneza: "Kama Mbuzi banalia, nani atamucheka huyu?"

Hakuna aliyemcheka.

Miezi michache baadaye kikatoka kitabu cha saba. Ndani yake Mumeza anatubu. Anarudisha taa, anarudisha malori, anaurudisha mwezi umekunjwa vizuri kama shuka iliyopigwa pasi, kisha anapaa mbinguni. Picha zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuchora, na nilizipitia kama mtu anayetembea ndani ya nyumba iliyohamwa. Kila ukurasa Mumeza alikuwa amefumba mdomo. Hakukuwa na jino hata moja.

Mama mmoja anayeuza vitabu hivyo sokoni alimuuliza mbele ya watu: "Papa Faustin, huyu Mumeza iko mubaya, ao iko katekista?"

Watu walicheka. Faustin alitazama viatu vyake.

Lakini Falonne, mjane wa kaka yangu, hakucheka. Alikifunga kitabu, akasema, "Haiko yeye." Na siku ya kumaliza kilio ilipokaribia, alikataa kuvua kitambaa cheusi. "Bwana yangu hawajamucheka. Nitavua namna gani?"

Wakati huo Faustin alikuwa ameugua, amelazwa kwa mama yake; ndipo nikaenda Kasungami. Nilimkuta Faustin kwenye mkeka, kifua kikikoroma, mahindi yakinong'ona nyuma ya nyumba.

"Weye mbuzi," nilisema, hata kabla ya kusalimu, "nimesoma buku yako. Nililala ukurasa wa pili."

Akainua kichwa polepole. "Chui mudogo. Miye nilitaka aende mbinguni."

"Chileshe? Malaika wakimwona watafunga mlango kwa minyororo."

"Ataikata." Kitu kilitikisika kifuani mwake, nikadhani ni kikohozi. "Atakuya na chalumeau yake, ile moto ya kukata vyuma, atakata minyororo yote, na atasema ni yeye alikuya kuitengeneza!"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na safari hii yalikuwa machozi yanayofaa. Kisha akaomba karatasi kubwa. Nilikaa naye mchana kutwa, nusu macho, nusu usingizini, nikisikia kalamu ikikwaruza kama kuku uani. Nilipoamka vizuri, Mumeza alikuwa kwenye lango la mbinguni, moto wa kuchomea mkononi, mashavu yamefura taa za malaika. Kinywa kilikuwa kitupu.

Meno niliyatia mimi, asubuhi iliyofuata, na niliyatia vibaya, kila moja likitazama upande wake. Siku ya kumaliza kilio, nilipoiinua picha ile mbele ya watu, shangazi alipiga yowe, ua lote likaanguka kicheko, na Falonne, akicheka na kulia, akafungua kitambaa chake.

Faustin hakuwepo kuona. Alibaki mkekani kwake, akafa wiki ileile. Lakini siku ile Kasungami, nilipokuwa nakunja karatasi niondoke, alikuwa amenishika mkono, akanipa kalamu yake.

"Meno utatia weye, chui mudogo. Na ukifika ku kaburi, umuambie ule mwizi: mbuzi iko njiani, asimalize taa zote."