Kimpira cha Mpiga Debe

Mpiga debe wa stendi yetu ya Makambako, anayesimama mbele ya kibanda changu cha chipsi, huita abiria wa Njombe kwa sauti inayofika hadi relini. Huwaamkia akina mama wa Kibena kwa lugha yao, "Kamwene!", kwa lafudhi ya kwao Tanga, na vikapu vyao vya parachichi huwa tayari mikononi mwake kabla hawajasema waendako. Juma lililopita alikuwa akikatiza wito wake kukimbilia chooni, anarudi ameshika kiuno. Siku moja, jua la saa saba likiwaka, nikamwona anatetemeka ndani ya makoti mawili.

"Baridi tu, kaka," aliniambia.

Zaitun muuza chai akamgusa paji la uso. "Baridi gani? Unaungua!"

Hapo sauti ile ikawa mnong'ono. Mwaka juzi alipotolewa mawe ya figo, aliwekewa ndani kimpira chembamba cha kupitishia mkojo, akaambiwa arudi kitolewe. "Nirudi nikavuliwe tena suruali mbele ya manesi?"

"Afadhali uvuliwe suruali kuliko uvishwe sanda," Zaitun alimjibu, akamkokota hadi kwenye basi.

Kule hospitalini Njombe madaktari walikuta kimpira kimeota magamba, na maambukizi yamepanda hadi kwenye figo. Alitundikiwa dripu za dawa, kikatolewa. Leo nimempigia simu.

"Homa imekwisha, kaka. Nesi mwenyewe ni bibi mzee, ananiita mjukuu." Kisha akauliza polepole, "Zaitun ameniulizia?"