Chumvi ya Sehemu ya Pili

Siku ile kwenye kibanda cha video pale Mwanga tulikuwapo hawa. Nilikuwapo mimi. Alikuwapo binti niliyemlea, na ndiye aliyeigiza mke wa ziwani. Alikuwapo fundi mitumbwi wa Ujiji aliyeigiza mume wake, na ambaye nje ya filamu alimtaka kweli. Mama yake fundi alikaa benchi la mbele, na huyu fundi ndiye mtoto wake wa pekee. Na alikuwapo mwana wa marehemu dada yangu, mpiga picha za harusi, aliyetengeneza filamu yenyewe. Majina yao yote ninayo, mpaka ya waliosimama mlangoni, ila nimeona niyaache. Wengine wana wajukuu, wasije wakachekwa shuleni.

Binti huyu alikuja kwetu Buzebazeba miaka ile watu wa Burundi walipokuwa wakivuka ziwa kila kukicha. Alikuwa mdogo, hajui hata kwao ni kilima gani. Mama yake alimfikisha nchi kavu, akaugua, akatutoka. Mtoto akabaki mikononi mwangu. Akaniita "Mawe", ndivyo kwao wanavyomwita mama, na hajaacha mpaka leo.

Alipokua, mpwa wangu akaja na hadithi yake. Mwanamke anatoka chini ya ziwa, anampenda fundi mitumbwi, anakwenda naye huko chini. Kamera ilikuwa ile ile ya harusi. Shela tulishona kwa chandarua. Mashavuni binti tulimpaka mafuta ya mgando, tukambandika magamba ya samaki kuhe, akameremeta, akanuka. Fundi alipiga mbizi akiwa amekumbatia jiwe, maji yakafunga, na filamu ikaishia hapo.

Ilipendwa jamani! Watu waliitazama, wakatoka, wakarudi kuitazama tena. Ila mama yake fundi alipoitazama, alilia mpaka akatolewa nje, na mwanawe amekaa naye ubavuni, mzima kabisa, anatafuna karanga.

"Mama, si mimi hapa?"

"Wewe nakuona. Yule wa kule mbona hakuibuka?"

Tukacheka. Kumbe hatukujua tunacheka nini. Fundi alipotuma mshenga nyumbani kwangu, mama yake alimfuata mshenga njiani akamrudisha. Akasema, huyu msichana katoka ziwani, wazazi hana, ukoo hana, nani kati yenu anajua kwao? Na maneno hayo yakasambaa. Binti alikuwa akiuza dagaa sokoni Mwanga. Wanawake waliomzoea wakaanza kumpita, wengine wanamchungulia miguu kama ina kwato. Alirudi na beseni limejaa vile vile, akaniuliza, "Mawe, mimi ni nani?" Nilimjibu wewe ni mwanangu, nenda kakoleze moto. Lakini sikulala vizuri.

Nikamwita mpwa wangu. Nikamwambia, "Umemzamisha mtoto wa watu, sasa mwibue."

"Shangazi, sehemu ya pili hiyo inahitaji kanda mpya."

"Mimi si shangazi yako, mimi mama yako mdogo, na sikuulizi habari za kanda. Mwibue."

Huku kwetu kila mtu anajua kwamba jini hali chumvi. Basi tukakubaliana: sehemu ya pili, mume na mke wanaibuka. Yule mke anapewa bakuli la chumvi, anailamba mbele ya watu wote, anakuwa binadamu, anaanika dagaa mchangani kama sisi. Mama wa fundi ataona, moyo utatulia.

Tulipiga picha hiyo uani kwangu. Chumvi ilikuwa ya Uvinza, kali. Binti akalamba, uso ukakunjamana kama mtoto aliyepewa dawa. Mpwa akasema, "Hapana, tabasamu! Unaingia kwenye utu!" Akalamba tena, akakohoa. Mara ya tatu machozi yakamtoka, na magamba yakaanza kubanduka. Nikamwonea huruma. Nikaingia jikoni, nikamwaga ile chumvi, nikamimina sukari. Nani atajua? Vyote vyeupe. Akalamba akitabasamu, mpwa akapiga kelele za furaha.

Basi siku ya kuonyesha kibanda kilifurika. Walipoibuka majini watu walishangilia, wanawake wakapiga vigelegele. Hata mama wa fundi nilimwona anapangusa macho kwa ncha ya kanga. Likaja bakuli. Binti akalamba. Halafu yule mama akasimama, kivuli cha kichwa chake kikaziba nusu ya picha.

"Nani ameona lilichokiona jicho langu? Rudisheni!"

Vijana wa nyuma wakaitikia, "Oya, rudisha nyuma, bi mkubwa kasema!"

Kanda ikarudishwa. Bakuli likaja tena, na ukingoni mwa bakuli, mkubwa kama mbuzi kwenye kile kioo, anatembea sisimizi.

"Chumvi gani inayofuatwa na sisimizi?" akauliza. "Hiyo sukari!"

Kibanda kikalipuka. Vicheko, miluzi, mmoja anapaza sauti, "Jini wa chai!" Binti alijifunika uso na mtandio. Nami nikasimama, nikasema, "Sukari niliweka mimi. Yeye alilamba chumvi mara tatu kabla."

Yule mama akanigeukia. "Mlete kwangu kesho mchana," akasema. "Nitapika mwenyewe."

Njia nzima ya Ujiji nilimfunda. Ukweni hakuna chakula kibaya. Akikuuliza, sema kitamu, mama, asante.

Tukakuta ugali wa muhogo na dagaa. Sahani nne, na yeye na mwanawe hawakugusa. Nilionja kidogo, ulimi ukakauka. Chumvi ile ingehifadhi ng'ombe mzima. Binti akala. Tonge, maji. Tonge, maji. Fundi anatazama mkeka.

"Chakula kikoje, mwanangu?"

Binti akanitazama, kisha akamtazama yeye. "Nakuheshimu, mama," akasema polepole, "lakini chumvi imezidi. Na wewe mwenyewe hujala."

Nikafumba macho. Nikajua tumekwisha.

Yule mama akavuta sahani, akatia tonge mdomoni, akalitema kiganjani. Akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akajishikilia ukuta. "Mimi mwenyewe siwezi! Maskini mtoto, na amekula nusu!" Akamletea maji kwa mkono wake. Alipotulia akauliza, "Haya, posa hii aulizwe nani? Ukoo wake uko wapi?"

Binti alinyoosha kidole tu, kwangu.

"Basi nakuuliza wewe," akasema yule mama, na akakaa vizuri mkekani, miguu pamoja, kama mtu aliyekuja kuomba.

Ndivyo ninavyokumbuka. Kama kuna aliyekuwapo kibandani akaona sisimizi wawili, au aliyekaa benchi la mbele si yule niliyesema, aje anirekebishe, nipo nyumbani, sijahama. Ila habari ya sukari msiniguse. Hiyo nilimimina mwenyewe.