Kadi ya Mshonaji

Daktari alikuwa amemtibu mshonaji huyu miaka sita, lakini hakuwahi kuitazama mikono yake ikifanya kazi. Leo alikuwa amewaita wagonjwa wa viungo vilivyosagika wakae na madaktari bingwa, wachague pamoja maswali kumi ya kufanyiwa utafiti. Kila swali lilikuwa kwenye kadi, na mabingwa walikuwa wamezilaza mezani kwa safu, lililo muhimu zaidi juu. Mshonaji alikaa, vidole vimejipinda kama tangawizi, akipapasa pindo la kitambaa cha meza kana kwamba anatafuta uzi uliofumuka. “Zamu yako, mama. Chukua kadi unayoitaka,” daktari akasema. Mshonaji akacheka. “Hapo kwenye kuchukua ndipo penye kazi, mwanangu.”

Akaiburuta kadi kwa ubavu wa kiganja, taratibu, hadi ukingoni mwa meza, ikadondokea kiganja cha pili kilichoisubiri chini. Akaiweka juu kabisa ya safu. Ilikuwa kadi ambayo mabingwa waliiweka mwisho: mgonjwa afanyeje ili ashike tena kitu chembamba? Bingwa mmoja akakohoa. “Lakini mama, upasuaji wa goti ndio wa kwanza.” “Goti halitungi uzi, baba. Maumivu nimeyazoea. Sindano ndiyo iliyolea wanangu, na sasa haishikiki.” Daktari akanyoosha kiganja, akajaribu kuiburuta kadi ya goti kama alivyofanya mshonaji. Ikaanguka sakafuni. “Pole,” mshonaji akamwambia, “mimi ilinichukua mwaka kujifunza.” Daktari akainama, akaiokota, akaiweka chini ya kadi ya mshonaji.