Mguu Juu ya Kreti

Cephas Maranga alikuwa amelinda lango la duka la vifaa vya ujenzi pale Rodi Kopany kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwita mtu wa dharau. Sifa hiyo mbaya ililetwa baadaye na mguu.

Ulikuwa mguu wa kulia. Seng'enge iliuchana, kidonda kikaingia uchafu, na ndani ya mwaka mmoja ngozi ikawaka moto, pamoja na homa, mara tatu. Homa ya mwisho ilipoisha, uvimbe ulibaki. Kiatu cha kazi kikakataa kuingia.

Kule Homa Bay, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyeitwa Emmaculate aliupima kwa tepu, akaandika, kisha akamweleza.

"Damu ina moyo wa kuisukuma. Haya maji yaliyojaa mguuni, yanaitwa limfu, hayana moyo. Yanasukumwa na misuli yako ukitembea, na pumzi yako ukiivuta kwa kina. Mishipa yake kwa huu mguu imeumia, kwa hivyo lazima uisaidie."

"Mpaka lini, daktari?"

"Kila siku."

"Mpaka nipone?"

"Kupona kabisa, sikudanganyi. Lakini uvimbe utapungua, na mguu hautaharibika zaidi."

Cephas alitoka pale amekasirika. Alikuwa amekuja kuchukua dawa ya kumeza, akapewa kazi: kuosha mguu kwa sabuni kila asubuhi, kukausha katikati ya vidole, kupaka mafuta ngozi isipasuke, kufunga bendeji kuanzia vidoleni kwenda juu, kutotembea pekupeku hata kwenda chooni. Na akikaa, mguu uwe juu.

Hata hivyo alianza. Nyumbani alifanya yote. Langoni alitafuta kreti tupu ya soda, akaweka mguu juu yake huku akiinua na kushusha kifundo. Siku ya nne, meneja wa duka, Bwana Onyancha, akaja.

"Soja, wateja wanalalamika. Wanasema unawanyooshea mguu kama chifu."

"Ni ugonjwa, mkubwa. Daktari amesema."

"Leta barua."

Akapoteza siku yake ya mapumziko kwenda Homa Bay kuifuata. Onyancha aliisoma akiwa amesimama, akaikunja. "Hapa wanasema mguu upumzike. Basi nenda upumzike nyumbani, nitafute soja mwenye miguu miwili."

"Haijasema nisifanye kazi. Imesema nisikae na mguu chini."

"Kwangu ni kitu kimoja." Kreti ikarudishwa stoo.

Jumapili ile mama mkwe wake alifika bila taarifa, akamkuta Cephas amelala kwenye mkeka, mguu ukiegemea ukuta. Kwa Wajaluo mtu humstahi sana mama mkwe. Hata kumtazama usoni ni shida. Cephas aliushusha haraka, akaketi wima kama mtu aliye mahakamani. Mkewe, Millicent, alitaka kueleza, lakini mama alikuwa ameshauona.

"Mambo ya kurogwa hayo," mama alimwambia bintiye, kana kwamba mwenye mguu hayupo. "Mpeleke kwa mtu amchanje chale, hayo maji yatoke."

"Mama, akichanjwa, uchafu utaingia tena. Ndivyo ugonjwa ulivyoanza."

"Na kuweka mguu ukutani ndiyo dawa?"

Mama alikaa kutwa nzima, na mguu ukakaa chini kutwa nzima. Alipoondoka, bendeji ilikuwa imeuma nyama na ngozi imekaza ikang'aa.

"Ungeuinua tu, Baba Bravin," Millicent alisema akimfungulia bendeji.

"Mbele ya mama yako? Na kazini nisiinue mbele ya wateja. Sasa niuinulie wapi, juu ya paa?"

Hasira hiyo ndiyo iliyompeleka ofisini kwa Onyancha Jumatatu. Hakutaja ugonjwa. Alimkumbusha mabati yaliyoibwa kupitia ua wa nyuma, akasema soja anayekaa langoni tu haoni nyuma. Akaomba azunguke ua kila nusu saa, na soja mwenzake wa zamu abaki langoni. Onyancha akakubali palepale.

Kwa hiyo Cephas akawa anatembea, akivuta pumzi mpaka tumboni. Nyuma ya duka, mahali mteja hafiki, alirundika matofali, na kila mzunguko alipumzisha mguu hapo dakika chache. Baada ya miezi miwili Emmaculate aliupima tena: umepungua sentimita tatu, na homa haijarudi. Kiatu bado hakiingii.

Sasa Onyancha huwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyebuni ulinzi wa kuzunguka. Cephas husikia na kuendelea kutembea. Na kule kwa wakwe bado inasemwa kwamba mume wa Millicent ni mvivu, mchana kutwa ameegemeza miguu ukutani.