Mwokaji wa Hostia Asiye na Meza

Saa moja na nusu asubuhi, chumba cha kuokea nyuma ya nyumba ya masista kimeshajaa mvuke. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, kitambaa cheupe kimefunika nywele zake zote, anamimina upawa mmoja wa uji wa ngano juu ya chuma cha moto, kisha anashusha chuma cha pili juu yake kama mtu anayefunga kitabu kizito. Uji unalia. Anahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Anapofunua, umelala pale mkate mmoja mpana, mwembamba kama karatasi, wenye misalaba midogo iliyojipanga safu kwa safu.

Anauinua kwa ncha za vidole, anautazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Huu umeungua pembeni," anasema, anauweka kando. "Sista ataniambia nimeanza kuzeeka."

Hamwambii mwandishi aliyekuja kumtembelea leo; anajiambia mwenyewe. Tangu saa moja hadi saa nane mchana huwa peke yake humu ndani, yeye na vyuma viwili, pipa la unga, na kabati lenye unyevunyevu ambamo mikate hulazwa hadi kesho yake ili isipasuke wakati wa kukatwa. Amejizoesha kuongea mwenyewe. Anasema asipoongea, siku za katikati ya wiki hufika jioni hajasikia sauti ya mtu.

Kwa siku anakata hostia elfu tatu, vile vipande vidogo vya mviringo vya mkate wa komunyo. Zinakwenda parokia kumi na moja. Huko padre ataziweka wakfu, watu watapanga mstari, watafungua vinywa au viganja, watapokea. Yeye hatakuwamo kwenye mstari huo. Si Mkatoliki. Ni mlokole wa miaka thelathini, aliyezamishwa majini mzima mzima, na kanisa lake liko mtaa wa pili tu kutoka hapa.

Lakini huko nako, mwezi wa nane sasa, sinia la mkate wa Bwana likifika kwenye kiti chake linapita. Wazee wa kanisa wamemtenga. Kosa lake ni hizi hizi hostia.

Mtaani anaitwa Mama Hostia. Masista hulitamka jina hilo wakicheka naye. Kanisani kwake linatamkwa vingine.

"Nilikuwa na watu wengi sana," anasema, akipangusa chuma kwa kitambaa. "Mume wangu alipokufa, kanisa langu ndilo lililomzika. Waliimba mpaka sauti zikakauka. Siwezi kuwasema vibaya. Hao ni watu wangu."

Mume wake alikuwa mtunza bustani wa masista. Alipopigwa na kiharusi alilala kitandani miezi kumi na minne, upande mmoja wa mwili umekufa. Masista walikuja kwa zamu kila asubuhi. Walimwosha, walimgeuza, walimkata kucha. Walokole wenzao walikuja pia, mara mbili, wakaomba kwa sauti kubwa, wakaondoka.

"Sisi tunajua sana kuomba," anasema. "Kumgeuza mgonjwa ndiyo kazi ngumu."

Baada ya msiba, sista msimamizi wa jikoni alimpa kazi ya kuoka. Mshahara unatosha kodi ya chumba kimoja, mkaa na chakula cha mtu mmoja. Hauzidi hapo. Hakuuliza maswali mengi. Na kwa kuwa hakuuliza, mwezi wa kwanza tu alifanya kosa ambalo Mkatoliki yeyote asingelifanya.

Alionja vipande vya pembeni vinavyobaki baada ya kukata. Havikuwa na ladha yoyote.

"Nikawahurumia," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka. "Nikasema masikini hawa watu, miaka yote hii wanapewa mkate hauna hata chumvi! Labda hawana mtu wa kuwaambia. Kesho yake nikatia chumvi. Nikaonja, nikasema, haya, sasa wamepata mwokaji."

Alitia chumvi kwenye hostia elfu tatu.

Sista msimamizi, mwanamke wa miaka sitini na minane anayeitwa Sista Mizani kwa sababu hupima kila kitu mpaka sabuni, anaikumbuka siku hiyo vizuri. Sheria ya Kanisa lake haina mjadala: ngano na maji, basi.

"Nilitia kipande mdomoni," anasema. "Nikamwuliza, mama, umeweka nini humu? Akaniambia kwa furaha kabisa, 'Chumvi kidogo tu, Sista, usinishukuru.' Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia la unga. Tulizipeleka zote kwenye nyumba ya wazee wasiojiweza, wakanywea chai. Mpaka leo wanaziulizia."

Kichekesho kingeishia hapo. Hakikuishia.

Kwenye kanisa la Mama Hostia kuna wakati wa ushuhuda. Mtu husimama, husalimia, husema Mungu amemtendea nini wiki hiyo. Yeye alisimama Jumapili moja kumshukuru Mungu kwa kumpa kazi akiwa mjane. Na kwa kuwa anapenda kuchekesha, akasimulia na habari ya chumvi. Alisubiri watu wacheke.

"Hakuna aliyecheka," anasema. "Nikaona wanaangaliana. Nilisimama kushukuru, kumbe najishtaki."

Jioni ile ile wazee walimwita. Waliambiana kwamba dada yao anapika chakula cha sanamu. Wakampa masharti mawili: aache kazi, na asimame mbele ya kanisa atubu, ndipo arudishwe kundini. Akakataa yote mawili. Tangu siku hiyo, watu wazima wenye Biblia mkononi huvuka barabara wasimsalimie. Wanawake aliowapokelea watoto wakizaliwa huinama kutafuta kitu kwenye mikoba yao anapopita.

Upande wa pili nao haukulala. Habari ya chumvi iliwafikia kina mama wa parokia, na watatu kati yao walimfuata Sista Mizani na barua. Walitaka kujua kwa nini hostia za Wakatoliki zinaokwa na mlokole aliyekwisha kuwatilia chumvi.

"Nikawauliza, mnaye mtu wenu wa kusimama kwa saa saba nzima mbele ya chuma cha moto?" anasema sista. "Wakasema watamtafuta. Mpaka leo wanamtafuta."

Kisha uso wake unabadilika. "Lakini usiniandike kama shujaa. Mimi mwenyewe siwezi kumpa komunyo. Sheria naijua, na nimeapa kuitii. Kila asubuhi napokea alichooka yeye, halafu natoka kanisani namkuta hapa anafagia unga. Wiki nyingine namwambia tu habari za asubuhi, napita haraka. Naona aibu."

Mama Hostia halalamikii kutengwa na Wakatoliki. Anasema kwao yeye ni mgeni, na mgeni hadai. Kinachomla ni jambo lingine. Binti yake, mtoto wake pekee, ni kiongozi wa kwaya katika kanisa lile lile lililomtenga. Tangu siku ya ushuhuda, binti huyo hajakanyaga chumba cha mama yake. Hapigi simu. Jumapili husimama mbele, mgongo kwa waumini, akiongoza nyimbo, na mama hukaa kiti cha nyuma kabisa, akimwangalia kisogo.

"Ukimkosa mume, Mungu amemchukua, unalia unanyamaza," anasema. "Huyu hajachukuliwa na mtu. Yuko pale, hatua ishirini. Namsikia anavyovuta pumzi kabla ya kuanza wimbo."

Anayeshikilia msimamo wa wazee ni fundi saa wa miaka sabini na moja, mwenye kibanda kidogo kilichojaa saa zisizokubaliana. Ni rahisi kumchukia kabla ya kumsikiliza. Anaongea taratibu, kioo cha kukuzia kikiwa bado jichoni.

"Nilifukuzwa shule ya misheni nikiwa na miaka tisa," anasema. "Padre wa wakati ule aligundua baba anasali kwingine. Baba alipokufa, tulikwenda kuomba nafasi kwenye makaburi yao, kwa sababu hayakuwapo mengine. Wakasema ni ya Wakatoliki. Kaburi la baba yangu liko kando ya barabara. Malori yanapita juu ya miguu yake."

Anaweka saa chini.

"Najua masista walimwosha mume wa dada yetu. Mimi sikwenda kumwosha, na hilo linaniuma, sitakudanganya. Lakini kila mtu akisema hawa nao ni watu wema, hawa nao ni watu wema, nani atamkumbuka baba yangu?"

Jumamosi iliyopita, wazee walikutana kulijadili jambo hili kwa mara ya mwisho. Mchungaji wao, kijana aliyehamia kanisani hapo mwaka huu, aliwasihi walegeze. Walikubaliana nusu: aendelee na kazi kama hana nyingine, ila kesho yake, ambayo ilikuwa Jumapili ya meza ya Bwana, asimame na kutamka kwamba kuoka hostia ni dhambi na anatubu. Atamke tu. Akikataa, jina lake lifutwe kwenye daftari la washirika, na maziko yake yasiwe juu yao tena.

Mama Hostia aliletewa uamuzi huo akiwa anakata mikate. Alisikiliza bila kuacha kazi. Bomba la kukatia lilishuka, likapanda, likashuka.

"Neno moja," alisema baadaye. "Nikilisema narudishwa, napata mkate, napata mwanangu. Ni bei ndogo, eh? Wengine wangelisema na chenji wakabakiza."

Jumapili saa nne kanisa limejaa. Kwaya imeimba. Mchungaji anamwita kwa upole: "Dada yetu, karibu mbele." Anatembea njia nzima ya katikati, viatu vyake vinasikika. Anasimama umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwa binti yake, ambaye anakitazama kitabu cha nyimbo.

"Bwana asifiwe," anasema Mama Hostia.

"Amina," wanaitika.

"Nimeitwa kutubu, na nina ya kutubu. Nimemchukia mzee wetu fundi saa miezi minane. Nimepita kibandani kwake nikiombea saa zake zote zisimame." Mtu mmoja anacheka, anajizuia. "Mzee, nisamehe. Nimewaonea wivu wanaokaa karibu na watoto wao. Nimelala bila kusali kwa hasira. Haya ni dhambi, nayatubu."

Kanisa zima linasubiri.

"Kuoka sitatubu. Waliomwosha mume wangu walinipa kazi ya unga na maji, nami naifanya kwa mikono misafi. Nikiiita dhambi nitakuwa nasema uongo mbele ya meza ya Bwana, na meza yenyewe mnataka niifikie kwa uongo huo. Siwezi. Nawapenda. Nimemaliza."

Anarudi alikotoka. Fundi saa anapangusa miwani ambayo haina vumbi. Kisha ibada inaendelea, kwa sababu lazima iendelee, na sinia linazunguka, mkono kwa mkono, safu kwa safu. Linafika kwa mama aliyekaa pembeni yake. Mama huyo analishika muda mrefu kidogo kuliko kawaida, anatazama huku na huku, halafu analipitisha nyuma ya mgongo wa Mama Hostia.

Baada ya ibada anatoka wa kwanza. Amefika kwenye geti anaposikia hatua za haraka nyuma yake.

"Mama!"

Ni binti, bado yumo ndani ya joho la kwaya, uso umelowa.

"Kwa nini unanifanyia hivi? Neno moja tu! Ungesema neno moja yakaisha!"

"Ningelisema, mwanangu, kama lingekuwa kweli."

"Wewe na kichwa chako! Baba alisema huyu mwanamke ukimsukuma anakaa chini."

"Baba yako alinijua."

"Usinichekeshe, nimekasirika! Na mbona umekonda hivyo? Unakula kweli wewe? Unashinda kwenye moto siku nzima na kigauni hicho chepesi, ukitoka nje unapigwa na baridi, ukiugua nani atakuuguza? Masista?"

"Waliwahi kuuguza."

Binti anafuta uso kwa mkono wa joho. Ndani wanamwita, kwaya ina mazoezi. Anageuka, anarudi mbiombio, bila kuaga.

Jina la Mama Hostia litafutwa daftarini wiki hii. Fundi saa amethibitisha, na amesema atalifuta mwenyewe, hatamwachia mtu mwingine kazi hiyo. Sista Mizani amemwambia apumzike Jumatatu. Amekataa. Jumatatu saa moja na nusu yuko mbele ya chuma chake, na safari hii mikate miwili inaungua mfululizo kwa sababu akili yake haipo.

Ana mpango gani sasa? Atahamia kwa Wakatoliki? Atatafuta kanisa lingine?

"Niende wapi?" anauliza, kama vile swali lina ujinga ndani yake. "Jina ni lao, walifute. Viti si vya daftari. Jumapili nitakuwa pale."

Anafunua chuma. Mkate umetoka mzuri, mweupe, hauna doa.

"Umesikia alivyonigombeza?" anasema. "Miezi minane hajanigombeza. Wiki ijayo nitasogea kiti cha mbele kidogo, anigombeze tena."