Mama Pindo na Picha Isiyo na Vichwa

Shangazi yangu hukata vichwa. Msikimbie: ni fundi cherehani, na vichwa anavyokata ni vya kwenye picha. Miaka thelathini na mitano ya kupima mabega, viuno na pindo za suruali imemharibu macho. Akimtazama mtu, anaanzia shingoni kwenda chini, na kamera yake imejifunza hivyo hivyo. Katika albamu ya nyumbani ipo picha ya mahafali yangu: cheti mkononi, joho limekaa sawasawa, na mimi mwenyewe sipo. Mtaani wanamwita Mama Pindo. Sisi wa nyumbani tuna majina mengine, lakini ndiye aliyenilea, kwa hiyo hayo nayameza.

Kamera aliinunua ya mtumba mwaka ule nilipohama, mimi wa mwisho kutoka mikononi mwake. "Nyumba imekuwa kimya mno," aliniambia. "Kinachonisemesha ni cherehani peke yake." Akajiunga na chama cha wapiga picha kinachokutana Jumamosi kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Chumba kina viti kumi na viwili tu, na wanaotaka kujiunga ni wengi, basi wakaweka kanuni: picha zako zikikataliwa mara tatu, unampisha mwingine. Shangazi alikuwa amekwisha kukataliwa mara mbili.

Hakuniambia kwamba anaogopa. Lakini nilimkuta Jumatano anapiga pasi blauzi ya Jumamosi.

Picha ya tatu ilitakiwa iwe ya ufunguzi wa soko jipya. Nilimsindikiza. Wenzake walijipanga mbele ya utepe na lenzi zao ndefu, wakisukumana kwa heshima. Kando walisimama waashi waliolijenga soko, mstari mmoja, kila mmoja na shati jeupe jipya. Shangazi akakunja uso.

"Yale mashati si saizi yao."

"Mbona yamewakaa, Shangazi?"

"Hayajawakaa. Yamekazwa."

Akanivuta mkono tukazunguka nyuma. Ni kweli. Kila shati lilikuwa limekusanywa mgongoni na kubanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo, vitatu hapa, vinne pale, ili mbele lionekane limeshonwa kwa kipimo. Mikunjo ya boksi bado ilikuwa imesimama. Na chini ya vibanio, mikono ya waashi, wote wameifumbata nyuma, saruji imewaingia kwenye nyufa za vidole.

Shangazi hakupiga kwanza. Alimsalimu aliyekuwa wa mwisho mkono wa kulia, akamwomba ruhusa. Yule mwashi akajibu bila kugeuka: "Piga tu, mama. Ila nyuso zetu usizioneshe. Kesho tutawaomba kazi hawa hawa."

Mgeni rasmi akakata utepe, watu wakapiga makofi, mtu mmoja akamgonga Shangazi kiwiko. Ndipo alipobonyeza.

Jumamosi picha zikapangwa mezani, nami nikasimama mlangoni. Mwenyekiti wa chama ana studio ya picha za pasipoti, na hukumu zake ni za pasipoti vilevile: kidevu juu, masikio yote mawili yaonekane. Aliiinua ya Shangazi kwa ncha za vidole.

"Imecheza. Mwanga umezidi upande wa kushoto. Na vichwa, Mama Pindo, vichwa viko wapi?"

Wakacheka. Mimi damu ilinichemka, maana siku zote walicheka kosa, na safari hii halikuwa kosa.

"Labda ukipata lenzi ya maana..." akaanza mwenyekiti.

"Mchagua jembe si mkulima, mwanangu," alisema Shangazi, na kicheko kikakatika. Akaanza kueleza habari ya mashati. Mwenyekiti akainua mkono.

"Picha ikihitaji msemaji, haijasema."

Siku hiyo walikuwa wamemwalika mhariri mstaafu wa gazeti, mama mmoja mkavu wa maneno, awasaidie kuhukumu. Alikuwa bado hajatia neno. "Hizi kumi na moja ni safi," alisema, "na zote ni picha moja: mkasi na tabasamu. Hii nimeitazama tangu nilipoingia. Lakini mwenyekiti amesema kweli kuhusu msemaji. Itundikwe kwenye maonyesho ya chama wiki ijayo bila maelezo, na Mama Pindo afunge mdomo. Ikisema, abaki. Isiposema, ampishe mwingine."

Siku ya maonyesho watu walikuja wengi. Walijitafuta kwenye umati nyuma ya mgeni rasmi, wakajionyesha kwa vidole, wakafurahi. Wakifika kwenye ya Shangazi walisema, "Hii imekosewa," na kupita. Shangazi aliketi kwenye kona, midomo ameibana kana kwamba ameshikilia pini. Mwenyekiti alitazama saa yake mara tatu. Nilitamani kumvunjia saa hiyo.

Saa tisa hivi akaingia mwanamume na mkewe, mtoto mgongoni mwa mama. Nilimtambua: mwashi yule wa mwisho mkono wa kulia. Mke alipita picha za mbele upesi upesi, kisha akasimama ghafla. Akaweka kidole kwenye mikono ya mwisho.

"Huyu wewe."

"Umejuaje? Kichwa hakipo."

"Nitakosa kuijua mikono yako?" Kidole kikapanda polepole hadi kwenye vibanio. "Si ulisema mmepewa mashati?"

Mume akaanza kumkazia mtoto mbeleko.

"Ulisema lako umeliacha kazini lisichafuke."

"Tuliazimwa," akasema. "Yalikuwa ya kupigiwa picha tu. Walipomaliza, tukavua."

Nilidhani atamfokea. Hakumfokea. Aliushika mkono wake, ule wenyewe, akaufumbata kwa mikono yake miwili. "Ungeniambia tu, baba watoto. Mimi shati la nini?"

Shangazi alikuwa analia waziwazi, mdomo bado umefungwa. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yao na amesikia kila neno. Nilimsubiri aseme jambo kuhusu mwanga. Alikuja mpaka mbele ya kiti cha Shangazi, akakohoa.

"Mama Pindo, Jumamosi tunaanza saa nne. Usichelewe."

Shangazi akamgeukia mhariri, aliyekuwa ameketi karibu na mlango. "Sasa naruhusiwa kusema?"

"Sema, mama."

Hakumsemesha mwenyekiti. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mwashi. "Nisamehe, baba. Uliniomba nikufiche, nikashindwa kukuficha kwa mkeo."

Mwashi akacheka, macho yamemlowa. "Kwa huyu, mama, hata ungekata na mikono angenijua."

Shangazi akacheka na kulia kwa pamoja, nami nikaenda kumtafutia leso.